Tangazo la Ngano Nyekundu

Hilaria Margwe alizaliwa Tumati, kijiji cha milimani Mbulu, katika familia yenye ng'ombe wachache na shamba la mahindi na maharage kwenye mteremko. Nyumbani walizungumza Kiiraqw. Kiswahili alikikuta shuleni, na alikipenda mapema kuliko wenzake. Mwalimu wake wa darasa la sita, mtu aliyetoka pwani, alikuwa akisoma insha zake mbele ya darasa. Kila alipofika kwenye neno kama aghalabu au maadamu, alitua kidogo na kutikisa kichwa kwa kuridhika. Hilaria akaamini kwamba kuandika vizuri ni kumfanya mwalimu atikise kichwa.

Alipomaliza shule alijifunza kupiga chapa, akaajiriwa Mbulu mjini katika ofisi ya elimu ya watu wazima. Ilikuwa miaka ya sabini. Serikali ilitaka kila mtu mzima ajue kusoma, na jioni wakulima walikuwa wakikusanyika madarasani na vibao vyao, wengine wamebeba watoto mgongoni. Huko chini, kwenye tambarare za Hanang, mashamba ya ngano ya serikali yalikuwa yakipanuka kila mwaka. Vijana wengi wa milimani walishuka kutafuta kazi huko. Mmoja wao alikuwa Felician wa Endagikot, dereva wa kombaini, mashine ya kuvunia ngano, ambaye kila alipopata likizo alipitia ofisini kumsalimu Hilaria na kukaa kuliko ilivyohitajika.

Mkuu wa ofisi ile alikuwa Reginald, Mpare wa makamo, mtu wa sauti ndogo asiyependa mikutano mirefu. Ofisi ilitoa karatasi ya habari kila mwezi kwa ajili ya wasomaji wapya. Ilipigwa chapa, ikarudufishwa kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono iliyochafua kila nguo, kisha ikapelekwa vijijini kubandikwa kwenye ofisi za vijiji na kusomwa madarasani. Mwanzoni Reginald aliiandika mwenyewe. Baadaye aligundua kwamba Hilaria, wakati wa kupiga chapa, alikuwa anazibadilisha sentensi zake. Hakukasirika. Alimwambia, "Kama unaona unaweza, andika wewe."

Habari yake ya kwanza ilihusu vyoo. Ilianza hivi: "Aghalabu maradhi ya tumbo husababishwa na kutozingatiwa ipasavyo kwa kanuni za usafi wa mazingira." Katekista wa Tumati aliisoma kwa sauti baada ya ibada, na baba yake Hilaria, Mzee Margwe, alisimama wima muda wote kama anayesikiliza wimbo wa taifa. Watu walimpongeza. "Binti yako anaandika kama redio," walimwambia. Hilaria alipofika nyumbani mwisho wa mwezi alisikia sifa hizo kwa kila aliyekutana naye njiani. Hakuna aliyemwuliza lolote kuhusu vyoo, naye hakushangaa. Aliendelea hivyo kwa mwaka mzima na zaidi.

Kisha ukaja msimu ambao mvua zilichelewa na akiba ya mbegu vijijini ikaisha. Ikaamuliwa kwamba vijiji kadhaa vya Mbulu vipewe mbegu ya ngano ili wajaribu kuipanda. Mbegu ile ilikuwa imetiwa dawa ya kuzuia ukungu na wadudu, na ilikuwa na rangi nyekundu ya kufifia, kama udongo wa njiani. Bwana shamba alikuja ofisini akaeleza kwamba dawa hiyo ni sumu, na kwamba watu waambiwe kabla magunia hayajafika.

Hilaria aliandika tangazo asubuhi ile ile: "Wananchi wote mnatahadharishwa kwamba mbegu zilizotajwa hapo juu zimehifadhiwa kwa dawa zenye madhara, hivyo hazifai kwa matumizi ya binadamu."

Reginald alilisoma akiwa amesimama mlangoni. "Matumizi ya binadamu ni nini?" aliuliza.

"Ni kula, Ndugu Reginald."

"Mbona hukuandika kula?"

Hilaria alinyoosha mkono kulichukua tangazo.

"Sikuambii kwamba si Kiswahili," Reginald alisema. "Ni Kiswahili kizuri. Lakini atakayesimama mbele ya tangazo hili amejifunza kusoma mwaka jana, na anasoma neno moja moja kwa kidole. Akifika mwisho atakuwa ameshasahau mwanzo."

Hilaria alirudi kwenye mashine yake akaandika upya: "Ngano hii nyekundu ina sumu. Ni ya kupanda tu. Usile." Alilitazama akaliona kama kazi ya mtoto wa darasa la pili, na hakutaka jina lake liwe chini yake. Reginald alifurahi sana. Walilirudufisha, likatumwa vijijini pamoja na magunia, na wote wawili wakaona kazi imekwisha.

Tumati kulikuwa na mjane aitwaye Bernadina. Alikuwa na umri wa mama yake Hilaria, na katika darasa la kisomo hakuna aliyemzidi kwa bidii. Tangazo lilipobandikwa alilisoma mwenyewe, kisha akawasomea majirani wawili ambao hawakuwa na uhakika. Alipewa mbegu yake, akapanda aliyoweza kupanda, ikabaki kiasi. Wakati huo huo alitaka watu wamsaidie kulima sehemu yake ya juu, na desturi ni kwamba anayeita watu kulima huwatengenezea pombe. Mtama ulikuwa haba mwaka ule. Bernadina akaitazama ngano iliyobaki.

Aliiosha. Maji ya kwanza yalitoka mekundu akayamwaga. Aliendelea kuosha mpaka maji yakatoka meupe. Akailoweka, akaiacha iote, akaianika, akaisaga kuwa kimea, akapika pombe kama alivyofundishwa na mama yake. Siku ya kulima watu walikuja, wakalima vizuri, wakakaa kivulini kunywa. Kabla jua halijashuka mmoja alianza kutapika, kisha wa pili, kisha karibu wote. Wengine walitetemeka mikono. Mwenyekiti wa kijiji alitafuta lori la ushirika, wakapakiwa juu ya magunia matupu na kupelekwa hospitali Haydom. Mzee Margwe alikuwa mmoja wao. Bernadina naye alikuwemo, kwa sababu alikuwa ameionja pombe yake kabla ya wageni.

Habari zilifika Mbulu kesho yake. Hilaria alipanda basi la kwanza alilopata, akasafiri amebanwa kati ya mama aliyempakata mtoto mwenye homa na mzee aliyefungwa mguu kwa kitambaa, wote wakienda huko huko.

Alimkuta baba yake amelala kitandani, macho wazi, mikono juu ya blanketi ikitetemeka taratibu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Nani amekuambia?"

"Ofisini walipata habari. Unajisikiaje?"

"Tumbo limetulia. Mikono ndiyo haijanisikia bado." Aliitazama kama mikono ya mtu mwingine. "Daktari anasema wote tutapona. Nenda kamwone Bernadina. Tangu jana hataki kula."

Bernadina alikuwa katika wodi ya wanawake, amekaa kitandani, kanga imemfunika mpaka kidevuni. Hilaria alimwamkia, naye akaitikia bila kumtazama.

"Nilisoma mwenyewe, mwanangu," alisema. "Mlisema usile. Sikula, na sikumpikia mtu ugali wake. Na niliiosha. Nimewaua watu bure."

"Hakuna aliyekufa, mama. Daktari amesema watapona."

"Nimesikia. Lakini wamepelekwa kwa lori kama mizigo." Akamgeukia. "Wewe ndiye uliyeandika?"

"Ni mimi."

"Hukujua kwamba tunatengeneza pombe kwa nafaka?"

Bernadina hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua. Hilaria alikuwa amekulia katika nyumba yenye mtungi wa pombe pembeni, na alipokuwa mdogo ndiye aliyetumwa kugeuza kimea juani. Alijua vizuri kabisa. Lakini alipokaa mbele ya mashine ya chapa alikuwa akifikiria sentensi tu, ndefu au fupi. Mtama ulioadimika, watu wa kulima, kuku uani, vyote alivisahau. Mara ya kwanza alikuwa ametumia maneno yaliyobeba kila kitu na hayakuonyesha kitu. Mara ya pili alitumia neno lililoonyesha kitu kimoja na kuacha vingine nje.

"Nilijua," alisema. "Sikukumbuka."

Alikaa na Bernadina mpaka mama yule akakubali kunywa uji.

Aliporudi Mbulu alimwambia Reginald kwamba anataka kurudi kwenye kupiga chapa tu, aandike mtu mwingine. Reginald alikuwa amekonda katika siku zile chache.

"Tangazo lilipokuwa fupi ni mimi niliyefurahi," alisema. "Kwa hiyo hatuwezi kugawana hili, ni letu sote. Lakini sasa hivi mbegu bado iko kwenye nyumba za watu. Mimi nikiandika nitaandika tena vibaya, kwa sababu sijui watu wa huku wanafanya nini na ngano. Wewe unajua, au unajua wa kumwuliza."

Hilaria alipanda basi tena kwenda Haydom.

Safari hii hakuandika chochote kabla ya kuuliza. Alivuta kiti karibu na kitanda cha Bernadina akamwambia, "Mama, nisaidie. Mtu akiwa na ngano hii nyumbani, na ana shida, atafanya nayo nini?"

Bernadina alifikiri. "Ataisaga achanganye na mahindi, akisema kidogo haidhuru. Ataiosha. Atapika pombe kama mimi. Iliyomwagika atawaachia kuku. Akikosa hela ataipeleka mnadani, na anayenunua hajui ilikotoka." Mgonjwa wa kitanda cha jirani, ambaye alikuwa akisikiliza, aliongeza, "Na gunia. Gunia zuri kama lile hakuna atakayelitupa. Ataweka unga."

Hilaria hakuwahi kufikiria gunia.

Walitunga pamoja. Hilaria alisema sentensi kwa Kiswahili, Bernadina akairudia kwa Kiiraqw kwa yule wa jirani, na yule wa jirani akaeleza alichoelewa. Palipokwama, Hilaria alibadilisha. Aliposema "dawa", yule jirani alielewa kwamba ngano ile inatibu, basi wakaiondoa dawa wakaacha sumu. Aliposema "hata ukiiosha", Bernadina alimkatiza: "Sema maji yakiwa meupe. Mtu ataona maji meupe na kujiambia imekwisha."

Tangazo lililotoka pale lilikuwa refu kuliko la pili, na halikufanana kabisa na la kwanza. Lilisema:

"Ngano nyekundu iliyoletwa kwa ajili ya kupanda ina sumu. Watu wa Tumati wamekunywa pombe ya ngano hii, wakaugua, wakapelekwa Haydom. Waliiosha mpaka maji yakawa meupe, lakini sumu ilibaki. Usiipike. Usiisage. Usitengeneze kimea. Usiwape kuku wala ng'ombe. Usiuze. Gunia lake usitie unga. Kama imebaki nyumbani kwako, irudishe ofisi ya kijiji. Hutaulizwa kwa nini ilibaki."

Sentensi ya mwisho ilitoka kwa Bernadina. Alisema bila hiyo hakuna atakayerudisha, maana watu watadhani wanaandikwa majina.

Reginald alilisoma, akalisoma tena, akauliza kitu kimoja tu: kama watu wa Tumati wamekubali kutajwa. Hilaria alikuwa ameshawauliza. Lilibandikwa, likasomwa makanisani kwa lugha zote mbili, na likasomwa mnadani na mtu aliyesimama juu ya kreti. Magunia yalianza kurudi. Mwingine alirudisha gunia tupu lililofuliwa, mwingine kikombe kimoja cha mbegu ndani ya kitambaa. Hakuna aliyeugua tena kwa ngano ile. Waliokuwa hospitalini walirudi nyumbani mmoja mmoja. Mikono ya Mzee Margwe ilitetemeka mpaka mavuno, kisha ikatulia.

Baada ya hapo Hilaria aliandika kwa namna nyingine. Kabla ya habari yoyote alikwenda kukaa na watu wanaohusika nayo, mara nyingi akiwasaidia kupukuchua mahindi, kwa sababu mikono ikiwa na kazi maneno hutoka vizuri. Aliona kwamba watu wa kwao wanapoeleza jambo huanza na mtu: nani, alikuwa wapi, akafanya nini, ikawaje. Hawaanzi na kanuni. Basi naye akaanza na mtu. Akimaliza kuandika alimsomea mmoja, kisha akamwomba huyo amweleze mwingine bila karatasi. Kilichopotea njiani alijua hakikuandikwa sawasawa.

Lakini alizidisha. Aliogopa sana maneno mazito hata akaanza kuandika kama anayezungumza na watoto. Katika habari kuhusu ugonjwa wa ndama aliandika, "Ndama ni mtoto wa ng'ombe. Ndama anapenda maziwa." Wiki chache baadaye mfugaji mmoja, Nikolausi, aliingia ofisini na karatasi ile ikiwa imekunjwa mfukoni. Alisalimia kwa adabu, akakaa.

"Mwalimu," alimwambia, "mimi nimejifunza kusoma nikiwa na mvi. Nashukuru kwa hilo. Lakini ndama nimewapokea kwa mikono hii kabla hujazaliwa. Ukiniambia ndama ni mtoto wa ng'ombe, naona unanicheka."

"Samahani mzee. Sikukusudia."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja badala ya kunyamaza. Mimi nataka kujua sindano inapatikana wapi na siku gani. Mengine nayajua."

Hilaria alitafakari maneno yale kwa muda mrefu. Alimweleza Felician alipokuja likizo, wakiwa wanatembea kuelekea kwao Endagikot. Wakati huo walikuwa wameshachumbiana.

"Huko shambani," Felician alisema, "tukipata dereva mgeni simwelezi usukani ni nini. Namwonyesha mahali ambapo gari linateleza."

"Na akiwa hajui usukani?"

"Atauliza, au nitaona. Lakini kwanza namchukua kama dereva."

Tangu hapo aliandika kwa watu wazima. Maneno ambayo watu walikuwa nayo, ya mifugo, ya jembe, ya jikoni, aliyatumia bila kuyaeleza. Neno geni aliliweka mahali ambapo jambo lenyewe linalieleza. Wakati mwingine alipenda neno fulani la zamani, akaliacha libaki kwa sababu lilifaa pale, na Reginald akimwuliza alikuwa na jibu. Baba yake peke yake ndiye aliyelalamika. "Siku hizi unaandika kama tunavyoongea," alimwambia. "Zamani nilikuwa sielewi, lakini nilikuwa najivuna." Hilaria alicheka, na mzee naye akacheka.

Alifunga ndoa na Felician, wakapata watoto. Reginald alihamishiwa mkoa mwingine mwanzoni mwa miaka ya themanini, na waliomfuata walikuja na kuondoka. Kulikuwa na miezi ambayo karatasi haikupatikana, na wino haukupatikana, na sukari wala sabuni hazikuonekana madukani. Habari zikatoka mara moja kwa miezi mitatu, zikiwa zimebanwa upande mmoja wa karatasi. Hilaria alijifunza kukata. Alikuwa akikata mpaka abaki na kile ambacho msomaji angekasirika asipoambiwa.

Mwaka mmoja wa hiyo miaka, Bernadina alikuja Mbulu kwa basi, amevaa gauni la kanisani, akaomba kuonana na Hilaria. Alikuwa amezeeka. Alitoa ukurasa uliojaa herufi kubwa zilizobanana. Alikuwa ameandika habari ya ng'ombe wake aliyekwama wakati wa kuzaa, mvua ikinyesha, na jinsi yeye na jirani yake walivyomsaidia mpaka ndama akatoka mzima. Hapakuwa na nukta hata moja.

Hilaria alisoma kimoyomoyo, kisha akasoma kwa sauti. Mahali pamoja Bernadina aliandika, "mkono wangu ukaenda ndani ukamjua." Kwa kanuni za shule Hilaria angeweza kuandika kwamba mkono ulimgusa ndama, au ulibaini alivyolala. Alishika kalamu juu ya sentensi ile.

"Umejuaje kwamba yuko vibaya?" aliuliza.

"Si nimeandika? Mkono ulimjua."

Hilaria akaweka nukta palipohitajika, akaacha maneno yalivyo, akapiga chapa jina la Bernadina chini yake.

Karatasi zilipotoka, Bernadina aliomba moja ya ziada. Mwanawe mkubwa alikuwa ameajiriwa kwenye mashamba ya ngano, na alitaka asome habari ya ng'ombe anayemfahamu. Felician alikuwa anashuka Hanang wiki ile kwa ajili ya mavuno, akaikunja vizuri, akaiweka ndani ya kofia yake, akaondoka nayo.